Petroli ya Barabara ya Kusini

Jakarta, 12 Juni 1988

Mdogo wangu Warsini,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi mzima, biashara ya bakso inakwenda. Watu wa Jakarta mvua ikinyesha wanataka supu, jua likiwaka wanataka supu, na mimi sina muda wa kukaa. Natumaini mkono wa kushoto wa Baba umeanza kushika kitu. Mwamkie kwa niaba yangu. Najua mihogo imeanikwa na kisima kimeshuka. Hayo ni ya kila mwaka, usipoteze karatasi kuniandikia.

Baada ya salamu, nataka kujua pikipiki yangu unaifanya nini.

Tugimin amerudi huku juzi. Baba yake, Mzee Gito wa kibanda cha petroli pale njia panda, amemwambia haipiti wiki hujabeba chupa tatu za lita moja moja. Mimi niliiendesha pikipiki ile kutoka Jakarta mpaka mlangoni kwetu kabla ya Idi, na maboksi ya zawadi nyuma, na lita moja ilinipa kilomita hamsini bila ubishi. Kutoka nyumbani mpaka zahanati ya Wuryantoro na kurudi, hata chupa moja haiishi. Nilikuachia ili umpeleke Baba mazoezi ya mkono kila Ijumaa. Sikukuachia uzurure.

Kama huzururi, basi hujui kuitunza, na hilo silishangai. Asubuhi ukivuta choki, irudishe injini ikishapata joto. Nakujua, utavuta na kusahau, kama ulivyosahau chungu cha wali siku ya arobaini ya Mama. Tairi zisikose upepo, tairi laini ni sawa na kuendesha kwenye matope. Mnyororo ukikauka upake oili, ukilegea uukaze, ila uuache ucheze upana wa kidole. Sponji ya kuchuja hewa uifue kwa petroli kidogo, uikamue, uipake oili, uirudishe. Fungua plagi uitazame: ikiwa kahawia kama kigae, injini inakula kwa adabu. Ikiwa nyeusi ya masizi, inakula kwa pupa. Panda gia mapema, usiipigishe kelele kijiji kizima kijue unapita. Na mteremkoni usizime injini ukajiona mjanja. Watu huziita pikipiki hizi bata, lakini bata huyu hatagi petroli.

Nakupa mpaka Oktoba. Chupa zisipopungua, namtuma Tugimin aje aichukue, na Baba atapanda basi kama watu wengine.

Kaka yako,
Darsono


Kijijini, 3 Julai 1988

Kaka Darsono,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako imefika, tunashukuru kusikia supu inanunuliwa. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mihogo sikuandikii, umekataza. Kisima nacho sikuandikii. Baba anakusalimu. Mkono unashika kikombe kisicho na kitu, chenye chai bado. Kwenda zahanati namfunga kiunoni kwangu kwa kanga ya Mama, ile ya batiki, maana mguu wa kushoto hauna nguvu ya kubana. Ndiyo sababu basi hawezi kulipanda, lakini wewe unajua zaidi.

Uliyoniagiza yote nimeyaitikia inggih, ndiyo yetu ya heshima, kama inavyompasa mdogo akisemeshwa na mkubwa. Choki, inggih. Tairi, inggih, nimezijaza kwa pampu ya Mwalimu Paidi. Mnyororo, inggih. Sponji nimeifua, na maji yake yalitoka kama kahawa. Plagi nilipoifungua ilikuwa nyeusi tii. Kwa kuwa nilikuwa na pikipiki majuma matano tu na wewe miaka mitatu, nadhani masizi yale ni ya Jakarta. Sasa ni kahawia. Gia napanda mapema, na kijiji hakijalalamika.

Kuhusu chupa, Mzee Gito macho yake ni mazima kuliko mizani yake. Sina zaidi la kusema hapo.

Ila Baba ameniambia nikuandikie jambo moja, na amekaa hapa pembeni kuhakikisha siliruki. Siku ya Idi alikuuliza mbele ya sote: mkeo Kasmi na mtoto utawarudia, ndiyo au hapana. Uliinama ukasema inggih. Kesho yake ukapanda gari kurudi Jakarta bila kufika kwao. Baba anauliza inggih ile ilikuwa ya jibu au ya adabu.

Anangoja.

Mdogo wako,
Warsini


Jakarta, 7 Agosti 1988

Warsini,

Salamu nyingi. Sijambo, ila kiuno kinauma kwa kusimama. Mwambie Baba asiache kuukanda mkono kwa mafuta ya nazi ya moto, na wewe usimpe vyakula vya chumvi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona ulimi. Ulimi huo ndio sababu umefikisha miaka ishirini na minane unashonea wenzako nguo za harusi. Usinifundishe masizi. Nilikuuliza chupa.

Tugimin amepata habari tena kwao: chupa ni zile zile tatu. Plagi kahawia, sponji safi, tairi ngumu, na chupa tatu. Mimi si mtoto. Petroli haiwezi kwenda mahali ambako pikipiki haijaenda, labda kama inavuja. Kwa hiyo fanya hivi. Ukiiegesha, tandika boksi kavu chini ya injini, kesho yake ulitazame. Likiwa na doa na harufu, kabureta inamwaga, na fundi alilegeze bakuli lake alioshe. Kisha ukitoka safari, kabla ya kitu chochote, gusa katikati ya gurudumu kwa kiganja. Likiwa la moto, breki inashika wakati wewe umeiachia, na injini inalima badala ya kutembea. Ilegeze mpaka gurudumu lizunguke peke yake ukilisukuma.

Na kama boksi ni kavu na gurudumu ni la baridi, basi umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa za Mzee Gito. Kuna mtu amekuona barabara ya kusini, umepita Wuryantoro, unaelekea Pracimantoro, na mtu nyuma yako amekukumbatia kiunoni mchana kweupe. Kama umepata mwanamume, aje kwa Baba na sigara na sukari kama wanaume wenzake, na aje kwa pikipiki yake.

Kuhusu swali la Baba, mwambie inggih.

Darsono


Kijijini, 11 Septemba 1988

Kaka Darsono,

Nakuamkia. Tunamshukuru Mungu tumeuona mwezi mwingine. Mkono wa Baba sasa unashika kikombe chenye chai, nusu. Chumvi simpi. Kiuno chako pole.

Boksi lilikuwa kavu. Gurudumu lilikuwa la baridi. Kabureta ni safi, na breki nimeilegeza hata kabla hujaniambia. Pikipiki yako haina kosa hata moja, Kaka. Imekunywa kadiri ilivyotembea. Kwenye lami lita moja, kilomita hamsini, kama ulivyosema.

Aliyenikumbatia kiunoni mchana kweupe barabara ya kusini ni baba yako. Ungefikiri kidogo, ungemjua kwa ile kanga.

Kila Ijumaa tukitoka zahanati, Baba hunigonga begani mara moja, maana yake tusigeuze. Tunakwenda Karanglo kwa Wifi Kasmi. Barabara ni ya mawe baada ya Pracimantoro, natembea gia ya pili njia nzima, na ndiyo maana chupa ni tatu. Nilinyamaza kwa sababu Baba alitaka ninyamaze. Alisema ukijua, utakataa, na utakataa kwa jambo la pikipiki, si kwa jambo lenyewe. Amekuzaa, anakufahamu.

Mwanao Wuri ana miaka mitano sasa. Hakujui sura. Ile picha uliyopiga na kofia ya polisi ya kukodi haimsaidii, anadhani baba yake ni polisi. Husimama mbele yangu pale pa kuwekea miguu, ameshika vioo, namzungusha uwanjani mara mbili, kisha Baba naye hudai zamu yake. Mkono unaoshika kikombe ulijifunzia kushika kwa mtoto yule, si zahanati. Daktari anajisifu bure.

Sasa nitasema lililo langu, na uniwie radhi ukitaka. Wifi Kasmi hujamtumia kitu mwaka wa tatu huu, wala salamu. Yupo mtu aliyemtaka, mjane mstaarabu, fundi wa matofali. Wifi alimjibu kwamba mumewe aliitikia inggih mbele ya baba yake siku ya Idi, na kwamba yeye hawezi kuvunja neno lililosemwa mbele ya mzee. Anakungoja kwa ajili ya silabi mbili. Mimi na wewe tunajua neno lile huku kwetu linatumika hata na mtu anayeondoka. Yeye ni mke, ameamua kuliamini.

Andika ndiyo na uje, au andika hapana. Hapana haijaua mtu. Huna haja ya karatasi nzima.

Warsini


Jakarta, 2 Oktoba 1988

Warsini,

Kwa hiyo mgonjwa aliyekatazwa hata kupanda ngazi unamfunga kama mzigo wa kuni na kumpitisha kwenye mawe ya Pracimantoro kila wiki, halafu unanisomea hesabu za wema. Akidondoka, nani ataulizwa? Mimi, mtoto wa kiume, mwenye pikipiki. Watu wakizika hawamuulizi mshona nguo.

Nilisema Oktoba, na Oktoba imefika. Tugimin anakuja wiki ijayo, nimempa nauli ya kuja, atarudi nayo barabarani. Kabla hujamkabidhi, mwaga oili injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke wote, tia mpya, isizidi mstari wa juu wa kijiti cha kupimia. Kaza spoku za nyuma. Jaza upepo zaidi kidogo kuliko kawaida, maana safari ni ndefu. Usimtume na tangi tupu ukidhani unanikomoa.

Mambo ya watu wa Karanglo hayanihusu, wala sikuomba kuandikiwa. Kila mtu ana maisha yake, na maisha ya Jakarta hamyajui. Nyinyi mnaona supu tu.

Huyo mtoto, akisimama mbele, anavaa viatu? Asishukie upande wa kulia. Bomba la moshi liko kulia, huunguza hata dakika kumi baada ya kuzima. Nimeona miguu ya watoto wengi huku.

Usinijibu. Mpe Tugimin ufunguo.

Darsono


Kijijini, 23 Oktoba 1988

Kaka Darsono,

Nakuamkia. Umekataza nisijibu, nami nimeitikia inggih, ndiyo haya majibu.

Tugimin alifika salama. Oili nilikuwa nimemwaga, nikatia mpya, spoku nikakaza, upepo nikajaza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Baba. Hapo sikuwa na la kufanya.

Nikusimulie, kwa kuwa najua Tugimin atakusimulia nusu. Aliingia, akamwamkia Baba vizuri, akakaa mkekani, akasema ametumwa na Kaka Darsono kuichukua pikipiki. Baba akasema, "Inggih." Tugimin akashukuru. Baba akaniagiza chai. Chai ikanywewa. Tugimin akasema basi pengine aanze safari kabla jua halijapanda. Baba akasema, "Inggih, inggih, safari ni kuanza mapema," akamuuliza hali ya bei ya nyama Jakarta. Nikaleta mihogo. Baada ya mihogo Tugimin akauliza, kwa unyenyekevu mno, kama ufunguo uko karibu. Baba akasema inggih uko karibu. Hakuinuka. Utamwambiaje mzee aliyepooza ainuke? Na utaingizaje mkono mfukoni mwake? Tugimin ni mtu wa kwetu, Kaka. Alilala hapa. Kesho yake wakarudia yote, kuanzia chai. Mchana wa siku ya pili alimbusu Baba mkono, akaenda njia panda kungoja basi.

Baba alimwita alipofika uani, akamwambia neno ambalo nakuletea kama lilivyo: "Mwambie mwanangu, inggih yake nimeijibu kwa inggih. Sasa aone inavyokuwa mtu kuingoja."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha hakucheka tena siku nzima, na jioni akanitaka niijaze pikipiki tangi. Ana safari moja anataka kwenda, na si zahanati. Nilimuuliza ya nini, akasema ya kazi ambayo mwanawe ameshindwa. Sikuandikii zaidi. Wewe pia yako hukuniandikia.

Wuri ana viatu. Hushukia kushoto.

Warsini


Jakarta, 26 Februari 1989

Mdogo wangu Warsini,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Sikuandika siku nyingi. Kwanza nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na haki, mmemgeuza rafiki yangu kichekesho cha soko zima. Halafu nilikuwa na mambo. Tazama anwani hapo nyuma, ni mpya. Pale nilipokuwa nikikaa sikai tena, na kile kibanda cha supu si changu tena. Usiulize kilikuwa cha nani. Nimerudia kusukuma mkokoteni, si aibu, ndivyo nilivyoanza.

Mkono wa Baba vipi? Pikipiki inawaka mara ya kwanza au mpaka uipige teke mara tatu? Kama ni mara tatu, plagi imechoka, nunua nyingine, usikwaruze hiyo ya zamani kwa msasa kama wanavyofanya wavivu.

Nimefikiri. Idi hii nakuja, na nitafika Karanglo mwenyewe. Mwambie Kasmi. Mwambie siitikii inggih, nasema nakuja. Mwambie na Baba, ili aache kuuliza. Sitaki maneno mengi nikifika, wala sitaki wewe unitazame kwa yale macho yako. Kwenda Karanglo nitatumia pikipiki, kwa hiyo usikose petroli, hata chupa nne nitalipa.

Mtoto ananunuliwa viatu namba ngapi?

Kaka yako,
Darsono


Kijijini, 19 Machi 1989

Kaka Darsono,

Nakuamkia. Barua yako ilifika Jumatano, nikamsomea Baba. Akasema nikujibu yote bila kuruka, nikuudhi ukiudhika.

Ile safari ya Oktoba ilikuwa ya Karanglo. Baba alikataa kushuka uani, alibaki amefungwa kiunoni kwangu, akamwita Wifi Kasmi nje. Alimwambia: "Mwanangu, inggih ile uliyoisikia ni yangu, mimi ndiye niliyemfundisha akiwa mdogo, asimkatalie mkubwa. Niliifundisha vibaya. Maana yake ni hapana. Usimngoje." Wifi alilia sana. Baba naye alilia. Mimi nilikuwa katikati yao nimeshika usukani, sikuwa na mkono wa kufutia.

Wifi alikwenda mahakama ya dini kwa kile kiapo ulichokisoma siku ya ndoa kwa sauti yako mwenyewe, kwamba ukimwacha miaka miwili bila matumizi na yeye asiridhike, talaka moja imemwangukia. Wito ulitumwa Jakarta kwenye anwani yako ya zamani. Jina lako liliitwa mara tatu mlangoni. Shahidi alihitajika, na shahidi alikuwa Baba. Hakimu alimuuliza kama ni kweli mwanawe amemtelekeza mkewe. Baba alisema ni kweli. Nilimrudisha nyumbani gia ya pili njia nzima, hata kwenye lami, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.

Eda iliisha Februari. Aliolewa siku tatu kabla ya tarehe uliyoandika barua yako. Yule fundi wa matofali, mumewe sasa, amepewa na serikali ardhi Sumatra pamoja na wahamiaji wengine, wameondoka na meli mwanzo wa mwezi huu. Wuri amekwenda nao. Kiatu sijui sasa ni namba ngapi, alikuwa anakua.

Pikipiki inawaka mara ya kwanza. Plagi ni kahawia. Sasa tunakwenda zahanati na kurudi, hatupiti kusini, na Baba hanigongi begani. Petroli imepungua kama ulivyotaka. Wiki iliyopita chupa moja haikuisha.

Warsini